Kupata Kazi ya Ambulensi Ukiishi Mtaa wa Tena

Kampuni za ambulensi Nairobi hazina msimu wa kuajiri. Mhudumu mmoja ameamka na homa, mwingine amepata visa ya Qatar, mkataba wa kiwanda kimoja cha Industrial Area unaanza Jumatatu, tamasha la Jumamosi limepata kibali Alhamisi jioni. Msimamizi wa shifti anataka mtu wa kukaa nyuma ya gari usiku wa leo, na kabla hajafungua rundo la barua pepe za maombi, hufungua simu yake na kutafuta jina analolijua.

Mwongozo huu ni wa kijana wa mitaa ya Eastlands kama Tena, Umoja, Donholm au Kayole aliye na cheti cha EMT (mhudumu wa matibabu ya dharura), au anayekaribia kukipata, na ambaye jina lake bado haliko kwenye simu hiyo.

KWANZA, JUA NANI ANALIPIA MAFUTA

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ni haki nzuri, ila gari linalomfuata mgonjwa lina dizeli, tairi na watu wawili wanaosubiri mshahara. Kuna anayelipa, na kazi hufuata anayelipa. Ukilielewa hilo, utaacha kutuma barua kila mahali na kuanza kubisha panapostahili.

Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililoundwa 1965, huendesha ambulensi kupitia kampuni yake ya E-Plus, iliyoanzishwa 2010. Namba yao ya dharura ni 1199. Ugatuzi ulipoanza 2013, baadhi ya kaunti ziliona heri kukodi magari na wahudumu kutoka kwao kuliko kuanza upya, ndiyo maana EMT wa Nairobi anaweza kujikuta amepangiwa kituo mbali na jiji. St John Ambulance iko nchini tangu 1928, inafunza huduma ya kwanza na ina magari yake. AAR ilianza 1984 kama kampuni ya uokoaji, na wanachama wake hulipia huduma kabla ya kuugua. AMREF Flying Doctors, iliyozaliwa 1957 na yenye makao Uwanja wa Wilson, inajulikana kwa ndege, lakini ina ambulensi za barabarani pia. Asiye na uzoefu asiote mabawa mapema: wanaoruka na mgonjwa mahututi kwa kawaida ni madaktari na wauguzi waliobobea.

Halafu kuna Rescue.co, iliyoanza kwa jina la Flare. Yenyewe haikuanza kwa kununua magari. Iliunganisha ambulensi zilizokuwa tayari mjini, za kampuni mbalimbali, ili mteja apelekewe iliyo karibu. Jambo hilo lina maana kubwa kwa anayetafuta kazi, kwa sababu kampuni ndogo yenye magari mawili matatu, ambayo hujawahi kuona tangazo lake, inaweza kuwa na simu za kutosha na upungufu wa watu.

Ongeza hospitali za kibinafsi zenye magari yao, serikali ya Kaunti ya Nairobi, na kaunti nyingine zinazotangaza nafasi kupitia bodi zao za utumishi wa umma. Mwisho kabisa, na hapa ndipo wengi huanzia, kuna kazi za matukio: mechi za raga, mbio za marathoni, matamasha, maeneo ya ujenzi, na Safari Rally ya Naivasha iliyorudi kwenye kalenda ya dunia 2021. Tukio kubwa huhitaji magari na watu wengi kwa siku chache, na kampuni ikishaishiwa na watu wake hukubali kumjaribu mgeni.

Kwa anayeanza, kampuni ndogo na matukio ndiyo mlango mpana. Majina makubwa yana foleni ndefu. Peleka barua huko pia, lakini usikae nyumbani ukisubiri jibu.

HATUA SABA KABLA YA SIMU KULIA

1. Shughulikia usajili. Baraza linalosajili EMT nchini linafahamika kwa herufi KCEMT, na mwajiri makini atauliza namba yako. Sababu iko wazi: anakutuma ndani ya nyumba ya mtu ukamshike mgonjwa wake, na jambo likiharibika yeye ndiye atakayeulizwa alimtuma nani. Kama hujalipa karo ya chuo, uliza barazani kwanza iwapo wanakitambua chuo hicho. Eastlands kuna vyuo vya ghorofani vyenye mabango makubwa na ambulensi iliyochorwa ukutani, na hiyo ndiyo ambulensi pekee mwanafunzi atakayoiona.

2. Anza chanjo leo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B huwa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Haiharakishwi kwa kumbembeleza muuguzi. Anayengoja mpaka aitwe kwenye usaili atakwenda na kadi yenye mstari mmoja.

3. Tazama tarehe ya cheti cha BLS, yaani huduma za msingi za kuokoa maisha. Kile cha Shirika la Moyo la Marekani hudumu miaka 2. Kikibaki na wiki tatu, msimamizi anaona gharama ya kukupeleka mafunzo kabla hujamfanyia shifti hata moja.

4. Chukua cheti cha tabia njema. Maombi hufanywa kwenye eCitizen, unalipa, unachapisha fomu ya C24, kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole. Kwa mtu wa Tena, Huduma Centre ya Makadara iko karibu. Osha mikono vizuri siku hiyo. Alama zilizofifia hurudishwa, na safari inaanza upya.

5. Pata leseni ya kuendesha gari, angalau daraja B. Katika kampuni ndogo, mtu anayeweza kuketi nyuma na pia kusogeza gari uani ni wawili kwa bei ya mmoja. Lakini usijiite dereva wa ambulensi kwa sababu umefaulu mtihani wa NTSA. Kupita Jogoo Road saa mbili asubuhi, king'ora kikilia na matatu zimejipanga mistari mitano, ni ufundi mwingine.

6. Itumie atachimenti kama usaili mrefu, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Fika kabla ya shifti na ukague gari bila kuambiwa. Soma geji ya mtungi wa oksijeni. Washa sakshoni usikie inavuta. Angalia betri ya mashine ya kushtua moyo. Vuta machela uone magurudumu yote manne yanazunguka. Hesabu glavu na kola za shingo, ndogo na kubwa. Ukimaliza kumshusha mgonjwa, futa machela kabla dereva hajakuangalia. Na huyo dereva umheshimu: msimamizi akitaka kujua kama unafaa, yeye ndiye anayeulizwa, pengine kwa neno moja tu, wakati wa chai.

7. Peleka wasifu-kazi wa ukurasa mmoja, mkono kwa mkono. Shifti nyingi ni za saa 12, na kubadilishana hufanyika asubuhi na jioni. Usitokee wakati huo, kila mtu yuko mbioni. Saa nne hivi asubuhi ndiyo nzuri. Salimia, taja jina, sema ulifanyia wapi atachimenti, acha karatasi, ondoka. Baada ya wiki mbili tuma ujumbe mfupi wa heshima: "Habari ya asubuhi bosi. Ni mimi EMT wa Tena niliyeleta karatasi. Wikendi hii niko huru, mchana na usiku."

Katika ukurasa huo, acha ile aya ya "mchapakazi mwenye bidii." Andika ngazi yako, namba ya usajili, saa ulizokaa ndani ya ambulensi, aina ya wagonjwa uliowahudumia, lugha unazozungumza, mtaa unaoishi na shifti unazoweza. Lugha si pambo. Shosho wa Kayole anayejua Kikamba pekee atakuambia anapoumwa ukimuuliza kwa Kikamba.

+---------------------------------------+
MKOBA WA NYARAKA
(nakala tatu za kila moja, na picha zake kwenye simu)

☐ Kitambulisho cha taifa na PIN ya KRA
☐ Cheti cha KCSE na cheti cha EMT
☐ Uthibitisho wa usajili wa KCEMT
☐ BLS ambayo muda wake haujaisha
☐ Kadi ya chanjo
☐ Cheti cha tabia njema
☐ Leseni ya kuendesha gari
☐ Barua ya atachimenti yenye saa, sahihi na muhuri
☐ Namba za NSSF na SHA
☐ Majina mawili ya wadhamini waliokuona kazini. Waombe ruhusa kabla ya kuwaandika
+---------------------------------------+

MTIHANI WA VITENDO

Hapa ndipo wenye alama nzuri darasani huanguka. Mara nyingi usaili una sehemu ya maneno na sehemu ya sakafuni, na ya sakafuni ndiyo inayoamua.

Chukua mfano huu. Unaingia chumbani, sanamu ya mazoezi iko chini, kando yake kuna mfanyakazi aliyejifanya majeruhi. Mtahini anasema: "Matatu imegonga boda Outering Road, karibu na Donholm. Uko na dereva wako. Anza." Abiria wa boda, yule mfanyakazi, anapiga mayowe ameshika goti. Mwendesha boda amelala ubavu, helmeti kichwani, kimya.

Mtahiniwa wa kawaida hukimbilia kelele. Amekwishapoteza alama tatu: hakuangalia kama magari yamesimama, hakuvaa glavu, na amemwacha aliyenyamaza. Anayepiga mayowe anapumua, na hilo linatosha kwa dakika ya kwanza.

Fanya hivi, na useme kila unachofanya kwa sauti, kwa sababu mtahini hawezi kukupa alama ya wazo lililo kichwani mwako:

1. "Natazama usalama. Dereva, weka gari lizuie njia, washa taa zote. Navaa glavu."
2. "Majeruhi ni wawili. Naomba gari la pili na polisi."
3. Nenda kwa aliyenyamaza. Tazama damu inayotoka kwa kasi. Kama ipo, izuie kabla ya kitu kingine.
4. Shika kichwa kisisogee, mwite: "Kaka, unanisikia? Usigeuze shingo. Niko hapa kukusaidia."
5. Njia ya hewa, kisha pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika.
6. Helmeti ikizuia njia ya hewa, ivueni wawili, mmoja akishikilia shingo na mwingine akiitoa. Usiivue peke yako hata mtahini akikutazama kwa macho ya kukuharakisha.
7. Hapumui na hana mpigo? Bonyeza kifua: mara 30 kisha pumzi 2, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Acha kifua kirudi juu kila mara.

Mtahini akikuambia ghafla, "Sasa anatapika," hakutegi. Anataka kuona kama mikono yako inaijua njia ya kwenda kwenye sakshoni.

Baada ya hapo utaombwa kumkabidhi mgonjwa. Makabidhiano mazuri hayazidi nusu dakika, na muuguzi wa zamu ya usiku atakupenda kwa ajili yake: "Mwanamume, miaka kama 30, mwendesha boda, amegongwa na matatu dakika 25 zilizopita, alikuwa na helmeti. Paja la kulia limevunjika, tumelifunga kwa gango. Anapumua mara 24, mpigo 118, presha 100/60. Anajibu akiitwa. Tumempa oksijeni. Hatujui mzio wake, ndugu zake wako njiani." Kisha jaza fomu, weka saa, weka sahihi.

Maswali ya mdomo huja baadaye, na yale magumu hayahusu dawa. Moja ni hili: "Hospitali inasema haina kitanda cha wagonjwa mahututi. Utafanya nini?" Linaulizwa kwa sababu liliwahi kuitikisa nchi. Oktoba 2015 mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi saa 18, akizungushwa hospitali hadi hospitali kutafutiwa kitanda, na akafariki. Jibu lisilo na porojo: humwachi mgonjwa, unaendelea kumhudumia, unamjulisha anayepokea simu ofisini ili atafute hospitali huku wewe ukishughulika na mgonjwa, unaomba chumba cha dharura kilicho karibu kimtulize kwanza, na unaandika nani alikuambia nini na saa ngapi.

La pili ni la majeruhi wengi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka Mradi, Embakasi, si mbali na Tena, na watu zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mtahini anaweza kukuweka pale, gari moja, watu wengi, giza. Kumbuka rangi: nyekundu ni wa kuhudumiwa sasa hivi, njano anaweza kungoja kidogo, kijani anatembea, nyeusi amefariki au hatarajiwi kupona. Anza kwa kupaza sauti wanaoweza kutembea waje upande mmoja. Wanakuwa wamejichagua wenyewe, nawe unabaki na walio chini. Kwa majeraha ya moto, usisahau kutazama masizi puani na kusikiliza sauti iliyokauka. Njia ya hewa ya mtu huyo inaweza kuvimba na kuziba ukiwa barabarani.

La tatu ni ramani. Mgonjwa yuko Tena, utampeleka wapi? Mama Lucy Kibaki, upande wa Barabara ya Kangundo? Metropolitan pale Buruburu? Jamaa, Jogoo Road? Pumwani kwa mama anayejifungua? Au uvuke jiji hadi Kenyatta? Jibu hutegemea mgonjwa, saa na bima. Tenga siku moja ya matatu, pita kwenye hospitali hizo, ujue lango la dharura liko upande gani na gari linageukia wapi. Mkaaji wa Eastlands ana faida hapa, lakini ajue magari, asijue tu vichochoro vya miguu.

MAKOSA YANAYOFUNGA MILANGO

Kubwa siku hizi liko kwenye simu. Kijana anajipiga video nyuma ya ambulensi, kwenye kona mguu wa mgonjwa unaonekana, anaiweka mtandaoni apate wafuasi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inailinda taarifa ya afya ya mtu, na mwajiri hupitia ukurasa wako kabla ya kukuita. Futa picha hizo leo.

Jingine ni kujipandisha cheo. EMT wa ngazi ya msingi akijiandika paramediki, swali moja tu la dawa za moyo linamvua nguo mbele ya watu.

Wapo pia wanaokataa usiku. Shifti za mgeni huwa za usiku, sikukuu na mwisho wa mwezi. Anayesema "mimi mchana tu" simu yake hulia mara moja. Na ukishakubali, fika. Asiyetokea baada ya kukubali hufutwa, na wasimamizi wa kampuni hizi wanafahamiana.

Kuhusu pesa, kuna kanuni moja ngumu: usilipe ili uajiriwe. Anayetaka umtumie "ya sare" au "ya vipimo" kwa M-Pesa, kwenye namba ya mtu binafsi, hana ambulensi. Kazi za Ghuba zina mlango wake: hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na ujue kwamba vyeti vya afya huko hukaguliwa kupitia kampuni ya DataFlow, ambayo huandikia chuo chako moja kwa moja. Cheti cha kununua hakipiti hapo.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Wengi huanza kwa lokamu, kulipwa kwa shifti. Si vibaya kwa miezi ya kwanza, ila andika kila shifti kwenye daftari: tarehe, gari, saa. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, muda wa majaribio usizidi miezi 6 bila wewe kukubali nyongeza, na likizo iwe angalau siku 21 kwa mwaka. Makato ya kisheria yatakuwepo: SHIF asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na NSSF. Kwa hiyo uliza kama kiasi unachotajiwa ni kabla au baada ya makato.

Uliza mengine matatu. Shifti ikipitiliza kwa sababu mgonjwa yuko njiani, saa hizo zinalipwa? Ukimaliza saa nne za usiku, gari la kampuni linakufikisha Tena au unatafuta matatu na sare? Na ukichomwa na sindano, nani anagharamia?

Swali la mwisho lina haraka kuliko yote. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua, mjulishe msimamizi papo hapo, andika ripoti, na ufike hospitali saa hizohizo ukaanzishiwe dawa za kuzuia VVU. Zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa ya mapema ina faida. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Omba kuiona hati ya bima hiyo, au angalau jina la kampuni iliyoitoa, siku ileile unayopewa kalamu.